Balbu haiwaki, volti zimekwama wapi? Utatuzi wa saketi kwa mwanafunzi

Vifaa vyenyewe ni vya mezani: betri mbili za tochi za volti 1.5 kila moja, balbu ndogo ya tochi iliyoandikwa 2.5 V 0.3 A, holda yake, swichi, vipande vya waya, na maltimita (kipimo cha volti, ampea na omu), hata ile ya njano ya bei nafuu wanayotumia mafundi redio. Umeme wa ukutani tutaufikia mwishoni, na huko tutaangalia na kupiga hesabu tu. Volti 230 hazina zoezi la mwanafunzi.

Kabla ya kushika waya, tukubaliane maneno. Volti ni tofauti ya msukumo kati ya nukta mbili, ndiyo maana maltimita ina waya mbili za kupimia na ukiuliza "hapa pana volti ngapi" swali lako halijakamilika. Ampea ni wingi wa chaji inayopita mahali kwa kila sekunde. Omu ni ukinzani, yaani ugumu wa njia. Wati ni kasi ya kutumia nishati, na hupatikana kwa kuzidisha volti na ampea. Walimu hupenda mfano wa tangi la maji lililo juu ya mnara: kimo cha tangi ni volti, maji yanayotiririka ni mkondo, bomba jembamba ni ukinzani. Mfano mzuri, ila una kasoro. Bomba likikatika, maji humwagika. Waya ukikatika, hakuna kinachomwagika. Mkondo husimama kote kwa pamoja, mbele na nyuma ya mkato. Kasoro hiyo ishike vizuri, kwa sababu kazi yote ya kutafuta kosa imejengwa juu yake.

Jambo jingine ni la Kiswahili chenyewe. Nyumbani mtu akikwambia "funga taa" anataka giza, na "fungua redio" maana yake iwashe. Kwenye fizikia ni kinyume: saketi iliyofungwa ndiyo inayopitisha mkondo, iliyo wazi haipitishi. Nimeona majibu ya mtihani yaliyoandikwa kwa mwandiko safi na hoja nzuri yakipata sifuri kwa sababu hiyo tu. Mimi mezani husema swichi "imewashwa" au "imezimwa", na neno kufunga nikaliachia saketi.

Dalili: balbu haiwaki kabisa

Wengi hukimbilia kulaumu betri. Anza na balbu, maana kuichunguza ni sekunde kumi. Ichomoe, iinue kwenye mwanga, tazama uzi mwembamba wa ndani kama umekatika. Kama huoni vizuri, weka maltimita kwenye omu na upime kati ya ncha ya chini ya balbu na ganda lake la skrubu. Balbu iliyokatika haitasoma kitu. Balbu nzima itasoma kidogo sana, kama omu moja au zaidi kidogo.

Hapo mwanafunzi makini hushtuka: 2.5 gawanya kwa 0.3 ni omu 8.3, mbona kipimo kinasema moja? Maltimita haijakosea, wala wewe hujakosea. Ukinzani wa metali hupanda joto linapopanda, na uzi wa balbu ukiwaka hufikia nyuzijoto zaidi ya 2000. Omu 8.3 ni za uzi unaowaka. Moja ni ya uzi baridi. Ndiyo pia sababu balbu za zamani za nyumbani zilikuwa zinakufa mara nyingi wakati ule ule wa kubonyeza swichi: uzi baridi huvuta mkondo mkubwa kwa kitambo kidogo, na palipochakaa hapastahimili.

Balbu ikiwa nzima, irudishe na uanze kufuata volti. Weka maltimita kwenye volti za DC, yaani umeme wa betri, sehemu ya 20. Washa swichi. Waya mweusi wa kupimia uguse kwenye hasi ya betri na ubaki hapo. Mwekundu uanze kwenye chanya ya betri, kisha utembee: mwisho wa waya wa kwanza, mguu wa kwanza wa swichi, mguu wa pili wa swichi, holda upande huu, holda upande wa pili, hadi unarudi kwenye hasi. Utasoma 3, 3, 3, kisha ghafla 0. Kosa liko kati ya nukta ya mwisho iliyosoma 3 na ya kwanza iliyosoma 0.

Kwa nini iwe hivyo? Volti hupotea ndani ya kitu pale tu mkondo unapopita humo: mkondo mara ukinzani. Saketi iliyokatika haina mkondo, kwa hiyo waya, swichi na balbu, vyote vikiwa vizima, havipunguzi hata chembe ya volti. Volti zote tatu hubaki zimesimama kwenye mkato, upande mmoja tatu, upande wa pili sifuri. Hii humshangaza mwanafunzi aliyekariri kwamba "pasipo na mkondo hapana volti". Pana volti, tena zote.

Basi ukisoma volti 3 kati ya miguu miwili ya holda na bado giza, kosa ni balbu au mgusano wake na holda, ikaze skrubu. Ukisoma volti 3 kati ya miguu miwili ya swichi uliyoiwasha, swichi ndiyo mbovu. Ukisoma 0 kwenye betri zenyewe, tazama zimelalaje. Betri mbili zilizowekwa chanya kwa chanya husukumana, 1.5 toa 1.5, na hata zikiwa mpya kabisa hutapata kitu.

Kuna kosa moja lililowahi kunipotezea karibu kipindi kizima. Waya wa kuunganishia ulikuwa umefumuliwa kutoka kwenye mota mbovu, waya mzuri wa shaba, wekundu unaong'aa, unaonekana mtupu bila plastiki. Tulikaza kila kitu, tukabadilisha betri, tukabadilisha balbu. Kumbe waya wa aina ile hupakwa vanishi nyembamba isiyoonekana kirahisi, na vanishi hiyo ni kihami, haipitishi umeme. Lazima iwe hivyo, la sivyo mizunguko ya mota ingegusana. Kukwangua ncha kwa wembe au msasa hadi shaba ibadilike rangi kulimaliza tatizo. Siku hizi nikiona waya wa shaba usio na ganda, nakwangua kwanza, nauliza baadaye.

Dalili: inawaka, lakini hafifu

Betri zimechoka, utasema. Huenda. Ila ukizipima unaweza kusoma volti 1.4 kila moja, na ukadhani ziko salama. Hapa wanafunzi wengi hukwama, kwa sababu wamepima betri ikiwa imepumzika.

Ndani ya betri mna ukinzani pia, na betri inavyozeeka ukinzani huo huongezeka. Chukua betri mbili kuukuu, kila moja volti 1.4 ikiwa haina mzigo, na kila moja ina omu 3 za ndani. Jumla ni volti 2.8 na omu 6. Balbu tuichukulie kuwa omu 8. Mkondo ni 2.8 gawanya kwa 14, yaani ampea 0.2. Volti zinazoifikia balbu ni 0.2 mara 8, sawa na 1.6. Zile 1.2 zilizobaki zimeliwa ndani ya betri zenyewe na kuwa joto. Nguvu ya balbu ni 1.6 mara 0.2, wati 0.32, wakati ilitengenezwa kwa wati 0.75. Lazima ififie.

Kwa hiyo pima betri ikiwa kazini, balbu ikiwa imewashwa. Volti zikishuka sana ukiwasha na kupanda ukizima, umempata mwizi.

Na hapa ndipo desturi yetu ya kuanika betri za redio juani ilipo na ukweli wake. Bibi hakuwa anajidanganya. Redio ilikuwa inaimba tena kweli. Mapumziko huziruhusu kemikali zilizorundikana karibu na vipitishi vya ndani zitawanyike, na joto huongeza kasi ya kemikali na kupunguza ule ukinzani wa ndani. Lakini jua halikuongeza nishati mpya humo. Lilisaidia kukamua ile iliyobaki, na ndiyo maana muziki ulidumu muda mfupi tu. Betri zilizoanikwa sana huvuja pia, na majimaji yake hula vyuma vya redio, kisha unapata tatizo la pili: kutu kwenye migusano.

Kutu ndiyo sababu nyingine ya balbu hafifu. Mgusano mchafu ni ukinzani usioualika. Safari hii saketi haijakatika, kwa hiyo volti hazitadondoka zote mahali pamoja. Fuata njia ile ile na utafute waya au klipu inayosoma kitu ambapo ilipaswa kusoma karibu na sifuri. Ukiona volti 0.8 kwenye ncha mbili za klipu moja, hiyo klipu inaila balbu yako.

Dalili: balbu mbili kwa mfuatano (moja baada ya nyingine kwenye njia moja), moja inang'aa kuliko nyingine

Maelezo ninayoyasikia kila mwaka: "Mkondo umeanza na balbu ya kwanza, umetumika, ukafika ya pili umepungua." Yanaingia akilini, na si kweli. Mkondo hautumiki. Ampea zinazotoka kwenye chanya ndizo zinazorudi kwenye hasi, na amita, kipimo cha ampea, ukiiweka kabla ya balbu, katikati, au baada, itasoma sawa. Kinachotumika ni nishati ambayo kila chaji imebebeshwa.

Jaribio la kumaliza ubishi ni dogo: badilisha nafasi za balbu. Kama unyonge ungekuwa wa nafasi, yule wa pili angebaki hafifu. Utaona unyonge unamfuata balbu mwenyewe. Soma maandishi kwenye shingo zake. Moja itakuwa 2.5 V 0.3 A na nyingine labda 2.5 V 0.2 A. Ya kwanza ina kama omu 8.3 ikiwaka, ya pili 12.5. Mkondo ukiwa mmoja, mwenye ukinzani mkubwa huchukua volti nyingi, basi huyo wa 0.2 A ndiye atakayeng'aa zaidi. Zipange sambamba, kila moja na njia yake kutoka kwenye betri, na mambo yanageuka: volti ni zile zile kwa wote wawili, na wa 0.3 A ndiye anayevuta zaidi na kung'aa zaidi.

Ukichomoa moja na zote zikazima, ulizipanga kwa mfuatano hata kama mchoro wako unasema sambamba. Fuata waya kwa kidole, usiufuate mchoro.

Mara nyingine mwanafunzi huuliza mkondo "unatoka" chanya au hasi. Vitabu huchora kutoka chanya kwenda hasi, na utaratibu huo uliwekwa kabla elektroni haijagunduliwa mwaka 1897. Kwenye waya elektroni huenda upande wa pili. Hesabu zako hazibadiliki, kwa hiyo usiumize kichwa, fuata mshale wa kitabu.

Dalili: giza, na betri zinapata moto

Zima. Hii ni shoti: mkondo umepata njia isiyopita kwenye balbu, waya mmoja unagusa mwingine au uzi uliochomoza umelala juu ya miguu miwili ya holda. Ukinzani uliobaki ni wa betri tu, kwa hiyo mkondo hupanda hadi ampea kadhaa na nishati yote inageuka joto mle mle ndani. Betri za tochi zitakuunguza vidole tu. Betri ya simu au ya laptopu ikifanyiwa hivyo inaweza kuwaka moto, kwa hiyo usiitumie kwa majaribio kamwe.

Dalili: vipimo havieleweki

Tofautisha vifaa viwili. Amita ina ukinzani mdogo mno na hukaa ndani ya njia, mkondo upite humo. Voltimita ina ukinzani mkubwa mno na huchungulia kutoka pembeni. Ukiiweka voltimita ndani ya njia, balbu itazima na voltimita itasoma karibu volti 3, kwa sababu yenyewe imekuwa kama mkato. Ile sheria ya volti kukwama kwenye mkato inajirudia. Ukiiweka amita pembeni ya betri, umetengeneza shoti, na kama una bahati fyuzi ya ndani ya maltimita ndiyo itakayokufa.

Kosa linaloua maltimita nyingi zaidi liko kwenye tundu: mtu anapima ampea kwa tundu la 10 A, anamaliza, kesho anageuza kitufe kwenye volti na kusahau kuhamisha waya mwekundu. Kitufe kinasema volti, waya unasema shoti. Sindano ya amita ya shule ikipiga upande wa kushoto wa sifuri, umegeuza waya zake. Maltimita ya tarakimu itaandika tu alama ya kutoa.

Sasa nyumbani, mikono mfukoni

Ekstensheni inapata joto. Wengi husema "umeme umekuja mwingi". Tazama mzigo badala yake. Chukua waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, urefu wa mita 30. Mkondo huenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 60 za shaba, kama omu 0.7. Pasi ya wati 1000 kwenye volti 230 huvuta ampea 4.3, na waya unapata joto la wati 13 hivi, lililotawanyika mita zote. Badala ya pasi chomeka jiko la wati 2000: ampea zimeongezeka mara mbili, joto limeongezeka mara nne, wati 52. Mkondo huzidishwa kwa wenyewe katika hesabu ya joto, ndiyo maana. Tumia waya mwembamba wa milimita 0.75 za mraba na zinakuwa zaidi ya 100, na ukiuacha umeviringwa joto halina pa kwenda. Plastiki huanza kunuka kabla hujaona moshi.

Breka inaruka. Angalia muda. Ikiruka papo hapo kila ukiirudisha, hata vyombo vikiwa vimechomolewa, ni dalili ya shoti kwenye nyaya. Iache, mwite fundi umeme mwenye leseni. Ikiruka baada ya dakika kadhaa, mzigo umezidi. Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba huwa na fyuzi isiyozidi ampea 13, na 13 mara 230 ni wati 2990. Birika la wati 2000 na jiko la 1500 kwenye ekstensheni moja ni 3500. Fyuzi ikikatika imefanya kazi iliyonunuliwa ifanye. Anayeiunga fyuzi kwa kipande cha waya ameihamishia kazi hiyo kwenye ukuta wa nyumba.

Halafu lawama kubwa kuliko zote, yuniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla wa Tanzania, zinaisha haraka. Yuniti moja ni kilowati-saa moja, yaani wati 1000 kwa saa moja, au jouli milioni 3.6. Unachonunua ni nishati. Kwa hiyo wati peke yake haisemi kitu mpaka uulize muda. Birika la wati 2000 kwa dakika sita limekula yuniti 0.2. Taa ya LED ya wati 9 ikikesha saa 12 imekula 0.108, karibu nusu tu ya chai hiyo. Nyumba inayopigana na watoto juu ya taa huku hita ya maji ikikaa imewashwa mchana kutwa inapigana vita visivyo vyake.

Kama hela ni ile ile na yuniti zilizoingia ni pungufu, tatizo si la fizikia: Tanzania kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU tangu 2021, na mteja wa kundi la matumizi madogo akipita yuniti 75 kwa mwezi hulipa bei ya juu zaidi kwa zinazofuata.

Lakini kama zinaingia sawa na kuisha vibaya, mita yenyewe itakuambia, bila kugusa waya wowote. Ina kitaa kidogo chekundu kinachopepesa, na karibu yake pameandikwa idadi ya mapepeso kwa kilowati-saa moja, mfano 1000 imp/kWh. Kwa mita ya namna hiyo, kila pepeso ni wati-saa moja. Kikipepesa kila baada ya sekunde 6, kwa saa nzima yenye sekunde 3600 ni mapepeso 600, basi nyumba inavuta wati 600 muda huo. Washa pasi, hesabu tena. Zima friji, hesabu tena. Mwisho chomoa kila kitu, hadi chaja za simu, kisha kaa mbele ya mita dakika tano na saa mkononi. Kisipopepesa, nyaya zako hazina lawama, kuna chombo ulichokichomoa sasa hivi ndicho mlaji. Kikiendelea kupepesa, kuna waya unaovuja, au chombo ulichokisahau juu ya dari, au jirani amejiunga. Andika sekunde ulizohesabu kwenye karatasi na umpe fundi akifika.